Jinsi ya kupima mishipa mipya ya damu kwenye uvimbe bila kukata kipande cha nyama, anza na altrasaundi uliyonayo

Hii naiandika kwa madaktari wadogo, maradiografa na wanafunzi wa CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichoko Bugando hapa Mwanza, wanaotafuta mada ya utafiti, na zaidi kwa wale walioko Sengerema, Ukerewe, Magu na Geita ambao mashine waliyonayo ni altrasaundi moja yenye Dopla, yani sehemu inayoonyesha damu inavyotembea, na basi. Wengi wanaamini kupima anjiojenesisi, yani uvimbe unavyojiotesha mishipa yake mipya ya damu, ni kazi ya hospitali kubwa za nje tu. Sio kweli, sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuianza kesho asubuhi kwenye chumba chako, ila kuna namna ya kuifanya ili namba utakayoandika leo ije ilingane na ya mwezi ujao, na ugumu wote uko hapo.

Tuanze na unachokipima. Mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya Bugando ilipofunguliwa pale kilimani, daktari wa upasuaji wa Marekani anaitwa Judah Folkman aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita chache kama haujapata mishipa yake. Sababu ni kwamba oksijeni ikitoka kwenye mshipa inasafiri kama maikromita 100 hadi 200 tu ndani ya nyama, seli zilizo mbali zaidi ya hapo zinakosa hewa, zinaanza kutoa kemikali ya VEGF na mishipa ya jirani inachipua kuzifuata. Dawa ya kwanza ya kuzuia VEGF kwenye saratani, bevacizumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004. Sasa hiyo mishipa mipya inajengwa harakaharaka, inapindapinda, inavuja, haina misuli ya kutosha ukutani, na mara nyingi damu ya ateri inaingia kwenye vena moja kwa moja bila kupitia kapilari, ile mishipa midogo kuliko yote. Kasoro hizo ndo zinatusaidia sisi wa picha, mana kila mashine inaona kasoro mojawapo: wingi wa damu, mwendo wa damu, uvujaji, au alama zilizo kwenye ukuta wa mshipa wenyewe.

Hatua ya 1: Jua swali lako kabla hujashika probu (kile kishikio cha mashine unachoweka mwilini)

Kuna maswali matatu watu wanayachanganya. La kwanza, uvimbe huu una mishipa kiasi gani leo. La pili, dawa inafanya kazi au haifanyi. La tatu, huu uvimbe ni saratani au sio. Hilo la tatu ndo watu wanalipenda na ndo picha inalijibu vibaya kuliko yote, uvimbe wa kawaida unaweza kuwaka rangi skrini nzima na saratani ikawa haina rangi kabisa, kwaiyo usimwambie mama wa watu ana kansa kwa sababu ya Dopla, kinyama, yani kile kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe, kitapelekwa maabara vilevile. Swali la pili ndo nguvu ya picha ilipo. Kinyama huwezi kukichukua kila baada ya wiki mbili, na ukikichukua unapata kona moja ndogo ya uvimbe, wakati mishipa haijasambaa sawasawa, upande mmoja imejaa na upande mwingine pamekufa. Picha inaona uvimbe wote na unaweza kurudia bila kumuumiza mtu.

Hatua ya 2: Mtulize mgonjwa

Watu wanairuka hii na mimi naona ni kubwa kuliko aina ya mashine. Mgonjwa katoka Nansio na meli, hajala, hajanywa maji, kashuka daladala kapanda kilima kwa mguu kwenye jua, anaingia kwako moyo unadunda 110. Ukimpima hapohapo damu inakimbia kila sehemu, mwezi ujao akiletwa na bajaji akiwa ametulia utaona mishipa imepungua, utaandika dawa imefanya kazi kumbe mtu alikuwa amepumzika tu. Kwaiyo mpe kama dakika 15 alale, apewe maji kama kipimo kinaruhusu, umsalimie vizuri, shikamoo bibi, pole na safari, umueleze kwamba hii haichomi wala haina mionzi. Andika mapigo ya moyo na presha kwenye fomu. Andika na saa. Kama ni titi kwa mwanamke anayepata siku zake muulize tarehe, mana titi linanyonya damu tofauti kulingana na mzunguko, kwa MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) ya titi ambayo sio ya dharura wanapendelea wiki ya pili ya mzunguko, na mimi nashauri ufuate hivohivo hata kwa Dopla ili ulinganishe vitu vinavyofanana.

Chukua pia majibu ya damu, himoglobini na hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu). Kanda hii tuna malaria, minyoo na selimundu, watu wengi wana upungufu wa damu, na damu ikiwa nyepesi inakimbia zaidi. Hematokriti utaihitaji tena kwenye MRI huko mbele.

Hatua ya 3: Seti Dopla yako

Picha ya kawaida ya kijivu kwanza, tafuta uvimbe, pima pande tatu, angalia kama una maji ndani au sehemu iliyokufa. Kisha washa pawa Dopla. Rangi ya kawaida inakuonyesha damu inaelekea wapi, pawa Dopla ya kawaida haikuonyeshi mwelekeo ila inakamata mwendo mdogo vizuri zaidi, na mishipa mipya mingi mwendo wake ni mdogo.

Setingi nyingi zinazokuja na mashine zimepangwa kwa mishipa mikubwa kama ya shingo, usizikubali. Shusha skeli ya mwendo hadi sentimita 3 mpaka 6 kwa sekunde. Shusha filta ya ukuta, ile inayofuta mwendo wa polepole, iwe ya chini kabisa, kama Hz 50 mashine ikiruhusu. Kisanduku cha rangi kifanye kidogo, kifunike uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, ukikifanya kikubwa mashine inakuwa nzito na fremu zinapungua. Geini, yani kiwango cha kukuza mawimbi yanayorudi, ipandishe mpaka uone vidoti vya uongo vinarukaruka sehemu ambazo hazina damu, alafu shusha taratibu mpaka vipotee tu, simama hapo. Kwa uvimbe wa juujuu tumia probu bapa ya masafa ya juu.

Na mkono wako uwe mwepesi. Ukikandamiza titi au tezi ya shingo unaifunga mishipa midogo na rangi inapotea mbele ya macho yako, kwaiyo weka jeli nyingi, probu iwe inaelea juu ya jeli, jaribu kukandamiza kidogo kisha uachie uone tofauti, ukishaiona mara moja hutarudia kukandamiza. Mwambie mgonjwa apumue polepole, kama ni ini ashike pumzi sekunde chache.

Ukishapata setingi nzuri zihifadhi kwenye mashine kwa jina lake, na uziandike kwenye daftari pia, mana umeme wetu unakatika na mashine zinajirudisha zilivyotoka kiwandani.

Ujue na mpaka wake. Kapilari ni maikromita 5 hadi 10, Dopla ya kawaida haizioni, inaona vishipa vikubwa kuliko hivyo mara nyingi sana. Ni kama wavu wa sangara, ukiuvuta ukakuta hauna kitu huwezi kusema ziwani hakuna dagaa. Ukikosa rangi andika "hakuna mtiririko ulioonekana kwa setingi hizi", usiandike "hakuna mishipa".

Hatua ya 4: Geuza rangi iwe namba

Kuna njia tatu, nazipanga kutoka rahisi.

Ya kwanza ni kutoa maksi kwa macho. Kwenye titi wanatumia daraja za Adler za mwaka 1990: 0 hakuna mtiririko, 1 ni kidogo sana, kidoti kimoja au viwili, 2 ni wa wastani, mshipa mkuu unaonekana au vidogo vitatu hivi, 3 ni mwingi, minne na kuendelea. Kwenye ovari kundi la IOTA, watafiti wa kimataifa wa uvimbe wa ovari, wana alama 1 hadi 4, 1 ikiwa hakuna na 4 ikiwa imejaa sana. Rahisi, haina gharama, ila watu wawili watatofautiana, kwaiyo wapeni video zilezile wasomaji wawili bila mmoja kujua mwenzie kaandika nini.

Ya pili ni kuhesabu eneo lenye rangi. Rekodi video kama sekunde 10, usipige picha moja tu, mana rangi inapanda na kushuka na mapigo ya moyo. Chagua fremu yenye rangi nyingi kuliko zote, rudia kwenye mikato mitatu ya uvimbe uleule, alafu fungua picha kwenye ImageJ, hiyo programu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptop ya zamani. Chora mpaka wa uvimbe, hesabu pikseli zenye rangi, gawa kwa pikseli zote za uvimbe, zidisha kwa 100, chukua wastani wa mikato mitatu. Picha zitoe kwenye mashine kama zilivyo, usipige na simu kwenye skrini, rangi zinabadilika.

Ya tatu ni Dopla ya mawimbi. Weka alama yako kwenye mshipa ndani ya uvimbe, pembe isizidi digrii 60, pata mawimbi matatu yanayofanana, soma mwendo wa juu kabisa na mwendo wa mwisho wa pigo. Kipimo cha ukinzani ni mwendo wa juu toa mwendo wa mwisho, gawa kwa mwendo wa juu. Kama juu ni 24 na mwisho ni 12, ukinzani ni 0.50. Kama juu ni 30 na mwisho ni 9, ni 0.70. Mishipa mipya kwa kukosa misuli na kwa zile njia za mkato mara nyingi inatoa ukinzani mdogo, ila sio sheria, kwenye matiti na kwenye tezi saratani inaweza kutoa ukinzani mkubwa kwa sababu seli zinabana mishipa kutoka nje. Ndo mana sitaki mtu ashike kikomo kimoja cha namba akitumie kwa kila kiungo. Pima mishipa kadhaa, andika wa chini, wa juu na wastani.

Hatua ya 5: Pima kosa la mkono wako mwenyewe

Kama ni utafiti wa shahada hapa ndo utatofautishwa na wengine, na hata kwenye huduma ya kawaida inasaidia sana. Kabla hujaanza kufuatilia dawa, chukua wagonjwa kadhaa, mpime kila mmoja mara mbili siku ileile, katikati ainuke atembee kidogo arudi alale. Tofauti ya namba mbili za kila mtu iweke kwenye mraba, jumlisha zote, gawa kwa mara mbili ya idadi ya watu, tafuta kipeuo cha pili. Hilo ndo kosa la kipimo chako, zidisha kwa 2.77. Jibu linakwambia mabadiliko madogo kuliko hapo hayatofautiki na kelele ya kipimo.

Tuseme kwenye ukinzani umepata 0.04, zidisha kwa 2.77 ni kama 0.11. Sasa mgonjwa akitoka 0.52 akafika 0.60 baada ya dawa, tofauti ni 0.08, hiyo usiishangilie, iko ndani ya kosa lako. Akifika 0.70 hapo kuna la kuzungumza. Hesabu hii ni ileile kwa altrasaundi na kwa MRI ya mabilioni, na mtu wa Sengerema aliyeifanya ana namba ya kuaminika kuliko mtu wa mashine kubwa asiyejua kosa lake.

Hatua ya 6: Kama kuna dawa ya vipovu

Dawa ya kontrasti, yani ya kuing'arisha damu kwenye picha, ya altrasaundi ni vipovu vya gesi vya maikromita 1 hadi 10, vinabaki ndani ya mishipa tu havivuji nje, vinapita hadi kwenye kapilari, na gesi inatoka kwa mapafu kwaiyo mwenye figo mbovu sio tatizo. Muulize mgonjwa kuhusu moyo, mapafu na mzio. Tumia kanula ya geji 20 au nene kuliko hiyo, sindano nyembamba inavipasua vipovu kabla havijafika. Mashine iwe na programu ya kontrasti na nguvu ya mawimbi iwe chini, ile mechanical indeksi isifike 0.2. Choma, sukuma na maji ya chumvi, rekodi bila kukatisha probu ikiwa imetulia sehemu moja.

Baadaye chora grafu ya mwanga dhidi ya muda ndani ya uvimbe: umefika kilele gani, kwa sekunde ngapi, umepanda kwa kasi gani, na eneo chini ya mstari. Njia nyingine ni kuvipasua vipovu vyote kwa mlipuko mmoja wa nguvu na kuangalia vinavyojaa upya, kasi ya kujaa inakupa mwendo wa damu na kiwango kinapofikia kinakupa wingi wake.

Hatua ya 7: MRI ya kontrasti inayofuatiliwa kwa muda

Hapa unapima uvujaji. Gadolini, dawa ya kontrasti ya MRI, ni molekuli ndogo, mishipa ya uvimbe ikivuja inatoka nje na nyama inang'aa. Angalia kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza, uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika usiendelee bila kuongea na mtaalamu, kuna ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa uliohusishwa na baadhi ya gadolini za zamani.

Mpangilio wake: piga picha za kupima T1 ya nyama (muda inaotumia kurudi hali yake ya kawaida baada ya kusukumwa na mawimbi ya MRI) kabla ya dawa, kwa kubadilisha pembe ya flip mara kadhaa. Anza mfululizo wa picha za haraka, kila moja isizidi sekunde 10, chukua angalau tano bila dawa. Ingiza gadolini milimoli 0.1 kwa kilo, mililita 2 hadi 4 kwa sekunde kwa pampu, fuatisha maji ya chumvi, endelea kupiga angalau dakika 5. Hakikisha ateri kubwa iko ndani ya picha, mana unahitaji kujua dawa iliingiaje kwenye damu.

Modeli (hesabu ya kugeuza mwanga kuwa uvujaji) inayotumika zaidi ni ya mwanafizikia Paul Tofts, majina ya vipimo vyake yalisawazishwa mwaka 1999. Ktrans ni kasi ya dawa kutoka kwenye damu kuingia kwenye nyama kwa dakika, ve ni nafasi iliyoko nje ya seli, na kep ni Ktrans gawa kwa ve. Programu za bure zipo, 3D Slicer mojawapo. Hapo ndo weka hematokriti ya kweli ya mgonjwa, programu nyingi zinakadiria kama 0.45, mtu wa 0.25 ukimwekea 0.45 namba yote inaenda pembeni, na huku kwetu watu wa 0.25 wapo wodini kila siku.

Ktrans isome kwa akili. Mishipa ikivuja sana, kinachozuia ni damu inavyofika, kwaiyo Ktrans inasema zaidi habari ya mtiririko. Mishipa ikivuja kidogo inasema habari ya ukuta. Namba ikishuka huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kwa kuiangalia yenyewe tu. Kama huna mtu wa modeli, chukua eneo chini ya mstari kwa sekunde 60 za mwanzo, au hata umbo la mstari: unapanda tu, unapanda na kutulia, au unapanda haraka na kushuka. Wasiofaa kuchomwa gadolini wana njia ya IVIM ya daktari Mfaransa Denis Le Bihan, ni picha za difyusheni (mtikisiko wa maji ndani ya nyama) zenye b nyingi, b ikiwa nguvu ya kipimo, kuanzia 0 na kadhaa chini ya 200, inatenganisha mwendo wa damu kwenye kapilari na mtikisiko wa maji ya kawaida. Namba zake zina kelele nyingi, rudia ile hatua ya 5.

CT na PET kwa kifupi

CT ya kufuatilia damu ni nzuri kwa hesabu kwa sababu mwanga unapanda sawia na ayodini, tatizo ni mionzi kurudia eneo moja mara nyingi. Ila hata CT ya kawaida ina kitu: kigezo cha Choi cha mwaka 2007, kwa uvimbe wa GIST (saratani ya ukuta wa tumbo na utumbo) unaotibiwa na dawa ya imatinib, kinasema uvimbe ukipungua ukubwa asilimia 10 au ukipungua uzito wa mwanga asilimia 15 umeitikia dawa. Uvimbe ukitoka HU 80 (HU ni kipimo cha mwanga wa CT) hadi 66 umeshuka asilimia 17.5, umeitikia hata kama ukubwa haujabadilika. PET, picha ya dawa zenye mionzi zinazochomwa mwilini, ina maji ya oksijeni 15 yanayoisha nusu kwa dakika 2 tu, yanataka saiklotroni (mashine ya kuyatengeneza) jirani, na vifuatilizi vya RGD vinavyoshika protini ya integrini αvβ3 kwenye mishipa inayochipua, hizo bado sanasana ni za utafiti.

Vitu vya kanda ya ziwa vitakavyokudanganya

Kichocho cha tumbo kwa wavuvi na watu wa visiwani kinaharibu njia za damu za ini, presha inapanda, mishipa ya pembeni inafunguka mikubwa kuzunguka bandama na tumbo. Hiyo ni damu inayotafuta njia, usiihesabu kama mishipa ya uvimbe, chora mpaka wa uvimbe vizuri na ubaki ndani yake. Tezi za TB nazo zinaleta rangi pembezoni mwa tezi, sawa na za saratani, wakati tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida mara nyingi mshipa wake unaingia katikati. Jipu linawaka ukingoni. Kidonda kilichochukuliwa kinyama juzi kinaota mishipa ya kupona, pima kabla ya kinyama au subiri wiki kadhaa.

Na muda wa dawa pia. Dawa za kuzuia VEGF zinaweza kubadilisha mishipa ndani ya siku chache, ukubwa unafuata baadaye sana. Alafu mtafiti wa saratani Rakesh Jain alieleza kwamba kuna kipindi mishipa mibovu inanyooshwa kwanza na damu inapita vizuri zaidi, kwaiyo mtiririko ukipanda kidogo mwanzoni usikimbilie kuandika dawa imeshindwa. Panga tarehe za kipimo kabla, ziwe zilezile kwa wagonjwa wote. Na kama ni utafiti, pitia kamati ya maadili ya CUHAS na Bugando kabla hujampima hata mtu mmoja.

Hatua ya 8: Andika ripoti inayoweza kurudiwa

Ripoti iwe na hivi, hata kwa sentensi fupi: mashine na probu, jina la setingi ulizohifadhi, skeli, filta, geini, mapigo ya moyo, presha, himoglobini, saa, siku ya mzunguko kama inahusika, siku ngapi tangu dozi ya mwisho, ukubwa wa uvimbe, daraja kwa macho, asilimia ya rangi, ukinzani wa chini, wa juu na wastani, na kosa la kipimo chenu. Mfano: "Titi la kulia, upande wa namba 2 ya uso wa saa, uvimbe wa mm 31 kwa 24 kwa 22. Pawa Dopla, skeli cm 4 kwa sekunde, filta ya chini. Adler 2, eneo lenye rangi asilimia 9, wastani wa mikato mitatu. Ukinzani 0.61 hadi 0.74, wastani 0.68. Mapigo 78 baada ya kupumzika dakika 15. Hb 9.8. Kipimo cha mwanzo kabla ya dawa, kurudia wiki ya 3 kwa setingi hizihizi." Video ihifadhi sehemu mbili, moja nje ya mashine, na namba ya simu ya ndugu wa mgonjwa iwe kwenye jalada lake hospitalini, ili kivuko kikichelewa siku ya kurudia mumpigie na kumpangia siku nyingine ndani ya wiki ileile.